Nurudini na Albamu ya Peke Yake

Nurudini alipojitoa katika bendi yake ya Kibondo, mwaka 2013, hakuondoka kimyakimya. Alikatisha wimbo katikati ya harusi ya watu, akawatangazia wageni, pilau ikiwa bado mdomoni, kwamba yeye sasa ni msanii wa kujitegemea na atatoa albamu ya roki. Bibi harusi alipiga makofi kwa adabu. Mzee mmoja akamuuliza jirani yake roki ni ugonjwa gani.

Akahamia Kasulu, ambako mkewe, Mwajabu, alikuwa na duka la vitenge. Roki aliijulia kwenye kanda alizoachiwa na dereva wa shirika la wakimbizi, na kilichomkosesha usingizi ni lile gitaa linalonguruma. Kwa bahati, spika yake kuukuu ilikuwa imepasuka. Akipiga gitaa, ilinguruma kama mbwa mwenye mfupa.

Mwajabu akamwonea huruma. Siku moja mumewe alipokuwa hayupo, akaipeleka spika kwa fundi redio.

"Isikilize sasa, baba," alimwambia kwa furaha. "Safi kama kengele!"

Nurudini akapiga. Safi kweli. Akaketi chini kama aliyefiwa.

"Sauti ya kwaya hii, si ya roki," alisema Sylvesta, mwenye studio, waliporekodi wimbo wa kwanza.

Nurudini akachukua wembe aipasue upya. Mkono ukamzidi, spika ikanyamaza kabisa.

Ilibaki spika moja tu aliyoijua yenye mngurumo ule: ile ya bendi, aliyoilalamikia miaka yote kwamba inamwaibisha mbele ya watu. Akapanda basi la Kibondo.

Alimkuta Felisiani, mpiga besi na kiongozi wa bendi, akianika maharage.

"Karibu, msanii wa kujitegemea."

"Nimekuja kuazima ile spika, kaka."

"Ile mbovu?"

"Ego, ndiyo. Ile."

Felisiani akacheka hadi akashika kiuno. "Spika haitoki bila wenyewe. Tutaisindikiza."

Wakaja watatu, wakajipanga kwenye benchi la studio, wakaapa hawatagusa kitu. Nurudini akawapa mgongo, akaanza. Gitaa likanguruma hadi akasisimka, lakini ngoma alizozipiga mwenyewe zilikuwa zikimkimbia. Alirudia, akarudia tena. Nyuma yake hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Jasho likimtoka, akamgeukia Reverien, mpiga ngoma wao.

"Ungekuwa wewe, hapo ungepigaje?"

"Mimi? Mimi nimekuja kusindikiza spika."

"Reverien, ndugu yangu. Nisaidie."

Reverien aliinuka kabla neno halijaisha. Besi ikafuata. Nurudini akafumba macho, akaimba kama ambavyo hakuwa ameimba tangu harusi ile, na alipofumbua yalikuwa na maji. Akasingizia vumbi.

Albamu ilitoka mwaka 2014. Jalada lilimwonyesha yeye tu, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Na sisi?" aliuliza Felisiani.

"Ninyi mmo ndani, kaka. Jalada dogo."

Mwajabu aliipiga dukani kutwa. Wimbo uliopendwa sokoni kuliko yote uliitwa "Niko Peke Yangu", na kiitikio chake, *niko peke yangu, sina mtu*, kiliimbwa na wanaume wanne kwa nguvu zao zote. Wateja walipouliza peke yake gani hiyo, Mwajabu alikunja vitenge, akaongeza sauti.