Nyanya za Klara na Viatu vya Washenga

Klara wa Lukozi alikuwa hanyamazi. Akilima anasema, akipalilia anasema, na nyanya zake alizigombeza kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo zilipoanza kunyauka, mtaa mzima ulipata habari kabla ya chai.

Zilinyauka kiajabu. Majani yalikuwa bado mabichi, hayana doa wala vumbi la ukungu, lakini jua likipanda mche unalegea kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea. Klara alidhani ni kiu, akamwagilia. Zikazidi. Akadhani ni ukungu, akapuliza dawa mpaka akapiga chafya yeye mwenyewe. Zikazidi.

Anord, mumewe, mtu wa maneno machache kwa sababu hakuachiwa nafasi, akasema, "Labda ni jicho la mtu."

"Jicho la nani? Shambani humu nashinda mimi tu."

"Basi ndilo hilo. Unazitazama mno."

Ndipo akaitwa Halima, bibi shamba wa kata. Halima aling'oa mche mmoja, akakata kipande cha shina karibu na mizizi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Hata hawajamaliza kusalimiana vizuri, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka kutoka kwenye shina.

"Huu ni mnyauko wa bakteria, mama. Ungekuwa wa ukungu, maji yangebaki safi vilevile."

"Dawa yake?"

"Hauna dawa. Ng'oa zote zilizougua, uchome. Tuta hili usilipande nyanya tena, wala viazi mviringo, wala pilipili, wala biringanya. Weka mahindi misimu kadhaa. Matuta ya chini bado mazima, yalinde. Ugonjwa huu husafiri na udongo: kwenye jembe, kwenye maji ya mfereji, kwenye viatu."

Aliposikia viatu, Klara alinyamaza. Anord akaingiwa na hofu.

Kesho yake, pale kijia cha kwenda nyumbani kinapoingia shambani, palikuwa na karai la maji yenye jiki, na brashi. Hakupita mtu bila kuoshwa viatu. Mbuzi wa Anord walichovywa kwato mojamoja, wakilia kama wanaochinjwa. Mchungaji wa kanisa alipokuja kuwatembelea alisuguliwa soli zote mbili, akasema amewahi kuhubiri habari za kutawadhana miguu, ila hakutegemea kutendewa na mtu mwenye haraka kiasi kile.

Jumamosi moja wakaja washenga kumposa Happiness, binti wa Klara. Waliongozwa na Mzee Danieli, baba mkubwa wa kijana aitwaye Heri, watu wa upande wa Irente. Mzee alikuwa amevaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi hadi mkunjo ungeweza kukata mkate.

Klara akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibuni sana. Viatu kwenye karai."

Mzee akatazama karai, akatazama wenzake. "Mama, tumekuja kuposa, hatukuja kubatizwa."

"Mtaposa, baba. Anza na wa kulia."

Akaingia, kiatu kikatumbukia, maji yakaruka. Walipoketi sebuleni na mzee akaanza hotuba yake, pindo la ile suruali lilikuwa tayari limegeuka rangi ya chungwa. Aliliona katikati ya methali. Methali ikakatika. Happiness, aliyekuwa anamimina chai, aliuma upindo wa khanga na kukimbilia jikoni.

Ili kumwokoa mgeni, Anord akauliza, "Mzee, huko mashamba yanaendeleaje?"

"Ah, viazi vyangu vimenitia simanzi. Asubuhi nimevipitia. Vinanyauka, na maji navimwagia kila siku."

Klara akaweka kikombe chini. "Vikiwa vibichi?"

"Vibichi kabisa."

"Na leo umevipitia na viatu hivyo hivyo?"

Mzee Danieli akaitazama miguu yake kwa mara ya pili siku hiyo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Posa ikasahaulika. Wazee walitoka wakasimama kuizunguka glasi ya maji huku Klara akieleza kipimo cha Halima, na jua lilikuwa linaelekea kuzama Anord alipokumbusha kwa upole kwamba posa bado inasubiri jibu. Jibu likawa ndiyo.

Jumatatu yake mzee akapiga simu. "Mama, nyuzi zimeteremka!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa na aliyeshinda kwa pamoja. Aling'oa viazi vyote vya tuta lile.

Matuta ya chini ya Klara yalizaa, isipokuwa mstari ulio kando ya mfereji, ambako maji ya kutoka juu yalileta walichokuwa wanakikimbia. Akaing'oa ile miche, kisha akapanda mlimani kwa Mussa, jirani yake wa juu, kuomba mfereji ugeuzwe. Hawakuelewana siku ile, wala ya pili. Ya tatu Mussa alichukua jembe, wakachimba pamoja njia nyingine ya maji.

Matenga yalipofika gulioni, nyanya zilikuwa ngumu na nyekundu, nazo ziliisha mapema.