Mlinzi wa Benchi la Kilindi cha Reli

Kwa miaka kumi na tisa Everett Tozer hakuwahi kuona mtu akiacha zamu yake Kilindi cha Reli kwa hiari. Alipomwona wa kwanza, alijua pana jambo.

Zamu ndiyo sheria kuu ya pale. Wavuvi hukaa kwenye benchi refu la mbao juu ya ukingo, fimbo zao zimeegemezwa kwenye uzio. Aliye mbele anashuka, anaingia majini mpaka kiunoni, anatupa mshipi wake kuelekea katikati ya mto, anasogea hatua moja kufuata mkondo, anatupa tena. Anakwenda hivyo mpaka anatokea kwenye mawe ya chini, kisha anarudi kukaa mwisho wa benchi. Akinasa samoni, anamwachilia, na zamu yake imekwisha. Chambo ni kimoja tu: ndoano iliyofungwa manyoya na uzi, wanayoiita inzi. Chubwi ya kuzamisha ndoano hairuhusiwi, wala kipande cha risasi kilichofichwa ndani ya manyoya, kwa sababu inzi nzito huzama hadi walipolala samaki na kuwapiga ubavuni.

Everett alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia katika kiwanda cha karatasi, akikagua mabunda chini ya taa kali, akitafuta mchaniko ambao mashine haikuuona. Alistaafu na pensheni, goti la chuma na mazoea ya kutazama kitu mpaka kikiri kosa. Mwaka wake wa pili benchini alimkamata mtu aliyezungushia waya wa risasi chini ya manyoya. Tangu hapo, akimpigia simu bwana samaki, yule afisa anayesimamia uvuvi, anakuja. Hajawahi kumwita bure.

Goti ndilo lililomfunga na kilindi hiki. Vilindi vingine vya mto ule ama ni mali ya vilabu vya matajiri, ama vinatakiwa kufikiwa kwa saa nzima ya kutembea msituni. Kilindi cha Reli ni hatua ishirini na nne kutoka anapoegesha gari. Mkewe alipofariki, binti yake alimtaka ahamie kwake mjini. Alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa hatua hizo ishirini na nne. Akikikosa kilindi hiki, hana pengine pa kuvua.

Nadine Gillis, dereva wa basi la shule, alianza kuja mwezi wa Julai, shule zilipofungwa. Asubuhi ya tatu zamu yake ilifika, naye hakuinuka.

"Mama, ni wewe," Clovis Haché alimwambia. Clovis alikuwa fundi wa mapaa, jirani wa Everett.

"Tangulieni tu. Mimi sina haraka."

"Dereva wa basi asiye na haraka! Ndiyo maana wajukuu zangu hufika shule kengele imeshalia."

Benchi lilicheka. Everett hakucheka. Aliwaona watatu wakimpita mama huyo, wakaingia, wakatoka mikono mitupu. Mwanamke akangoja tena robo saa nzima, maji yakatulia, ndipo akashuka. Hata majini hakuingia. Alisimama kwenye kokoto kavu, mbali kidogo na maji, akatupa mshipi mfupi ambao hata mtoto angeuona aibu, kando kabisa ya ukingo. Fimbo ikapinda. Samoni wa ratili kumi na mbili.

Kwa siku tisa alinasa watano. Benchi zima, watu saba, lilikuwa limepata wawili. Everett hakuwa amepata hata mmoja tangu mwaka juzi.

Akaanza kumkagua. Kwa nini anasimama mbali? Ili asionekane amefunga nini. Kwa nini mshipi mfupi? Kwa sababu inzi nzito hairushiki mbali. Na kila akimaliza, aliikata inzi kwa meno na kuitia kwenye kikopo cha peremende, kifuniko tap. Wavuvi wengine hutundika inzi zao kofiani watu wazione. Yeye alificha.

"Kando ya ukingo hakuna samaki," Everett alimwambia Clovis garini. "Wanalala katikati. Wamelala katikati tangu babu yangu."

"Basi wale watano wametoka dukani?"

"Anawachoma ubavuni."

"Umeona ubavu wenye jeraha?"

"Anawaachilia upesi mno. Hilo nalo jiulize."

Clovis alitazama barabara. "Everett, huyu mama atanyang'anywa leseni. Na ukikosea, hakuna atakayekusikiliza tena pale benchini. Muulize kwanza."

"Mwizi haulizwi," alisema Everett, na jioni hiyo akapiga simu.

Keough, bwana samaki, alifika Alhamisi saa tatu asubuhi. Hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni na mto umeshuka, kama ulivyoshuka kila kiangazi kwa miaka mitatu sasa. Nadine ndiyo kwanza alikuwa ameachilia samaki wa sita.

"Habari, mama. Naomba nione inzi yako."

Alimpa. Keough alichota maji kwenye kikombe, akaitia. Ilielea.

"Ikate," Everett alisema kutoka benchini. "Ikate uone ndani."

Kufunga inzi kama ile huchukua saa nzima, na kila mtu pale alilijua hilo. Keough alimtazama Nadine.

"Kata," Nadine alisema.

Kisu kidogo kilipita kwenye uzi. Yakatoka manyoya ya paa, uzi mwekundu, ndoano tupu. Akakata na ya kwenye kikopo. Ndani hamkuwa na kitu.

"Haya, Everett," Clovis alisema polepole. "Omba radhi tuendelee kuvua."

Angeomba radhi, mambo yangeishia pale. Lakini samaki sita walikuwa sita, na haikumwingia akilini.

"Nitaomba. Lakini kwanza aseme. Samaki sita mahali pasipo na samaki. Kama si chubwi, ni nini?"

"Mzee Tozer, achana nalo," Nadine alijibu.

"Umemsikia, Keough? Anaficha."

"Kweli naficha," Nadine alisema. "Ungeniuliza juzi hapa benchini ningekwambia wewe. Leo umemleta bwana samaki."

"Sema."

Alivuta pumzi. "Buti zangu za mpira zilipasuka Juni, na mpya sina uwezo nazo. Siku ya kwanza niliingia na viatu vya plastiki. Katikati maji yalikuwa kama chai. Hapa ukingoni yaliniuma vidole kwa baridi. Kuna chemchemi chini ya kokoto. Samaki wote wamekuja kulala hapa, na ninyi kila asubuhi mnashuka na mibuti yenu mnawakanyaga. Nangoja mtoke, warudi."

Watu saba walikuwa na soksi za sufu na mpira mnene mpaka kifuani, na hakuna aliyewahi kuyahisi maji yale.

Keough alitoa kipimajoto, akakifunga kamba. Katikati, nyuzi ishirini na mbili. Ukingoni, kumi na nne. Alipima mara ya pili, kisha akafungua daftari lake kwa uso wa mtu asiyependa anachokwenda kuandika.

"Mnajua kanuni," alisema. "Mahali samoni walipokimbilia baridi, mto ukizidi ishirini, hapavuliwi. Nimeshapima. Siwezi kujifanya sijapima."

"Mpaka lini?" Clovis aliuliza.

"Mpaka mto upoe. Septemba, labda. Na mwakani joto likirudi, panafungwa tena."

Wavuvi walianza kukunja mishipi. Mmoja alipita karibu na Everett akasema, bila kusimama, "Ahsante sana, mkaguzi."

Everett alimfuata Nadine kwenye kokoto. "Ulikuwa unajua kanuni hiyo?"

"Kila mwenye leseni anaijua, mzee."

"Basi ulijua panapaswa kufungwa, ukaendelea kuvua."

"Sikuwa na kipimajoto. Nilikuwa na vidole tu." Alisema bila kutabasamu, na hata sasa Everett hawezi kuapa kama lile lilikuwa jibu au ujanja.

Everett alikaa juu ya jiwe akavua buti, ya kulia kwanza, kisha ile ya upande wa goti la chuma, ambayo ilimchukua muda. Akavua soksi. Alitia mguu majini, na baridi ikapanda mpaka kwenye chuma. Mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa kwa ncha ya fimbo, mgongo mweusi ulisogea, na nyuma yake mwingine, na mwingine.

"Mzee Tozer," Keough aliita kutoka juu, nyundo mkononi, bango la kufunga limeegemea gotini. "Toka majini, tafadhali. Unawasumbua."