Matanga ya Mbwa wa Ukutani

Miaka ya sitini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, nilikwenda Bihambwe kumtembelea shangazi, nikarudi nyumbani nikiwa mwongo wa kijiji kizima. Kosa langu lilikuwa kusimulia nilichokiona kanisani: mbwa aliyechorwa kwa mkono, akikimbia ukutani, akimfukuza kuku. Mchoro, jamani, unakimbia! Kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Koko, bibi yangu niliyelala naye kitanda kimoja, alitikisa kichwa huku akichambua maharagwe.

"Mutoto, picha haina miguu. Bongo utaacha lini?"

Kaka zangu wacheke watakavyo. Koko kuniita mtu wa bongo, yaani mwongo, hapo niliumia kweli. Nilinuna, nikasusa chakula, nikageukia ukuta kitandani, mpaka akachoka.

"Kama iko kweli, unipeleke."

Kumpeleka wapi sasa? Padri mwenye mashine ya sinema iliyomtoa mbwa yule hakukaa mahali pamoja. Alizunguka milimani na lori lake, kanisa kwa kanisa. Nikawa namdaka kila anayetoka sokoni, nikimwuliza habari za mbwa. Hatimaye mama mmoja muuza mihogo akasema ameliona lori Kashuga. Koko akavaa kitenge cha Jumapili, akajitwika kikapu cha maharagwe, maana kwa watu huendi mikono mitupu, tukashika njia.

Kashuga wakatuambia, "Iliondoka jana. Iko Kitshanga."

Nilikaa chini barabarani, tayari kulia. Koko akanitazama, akatazama kitenge chake.

"Simama, twende. Nimeshavaa."

Tulilala kwa waumini, na kesho yake mchana tukaingia Kitshanga. Kanisani madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, watu wamebanana, jenereta inanguruma nje. Moyo wangu ulinguruma kuishinda. Je, kama mbwa haji? Mwanga ukapiga ukuta, na huyo, akaja! Mkia juu, ulimi nje, kuku mbele. Koko akanikamata mkono. Mimi sikuangalia tena sinema, nilimwangalia yeye, mdomo wazi, macho yanakimbia na mbwa. Nilitaka kupaa kwa furaha.

Ndipo jiwe likamwangukia mbwa, akalala bapa kama jani la mgomba. Watoto wakacheka. Koko akasimama, akafungua kilemba, akapiga yowe la msiba, lile lenyewe. Mama wa nyuma yetu akampokea, kwa sababu kwetu mtu haachwi kulia peke yake, na punde upande wote wa wanawake ukawa matanga. Padri alisimamisha mashine, mikono kichwani.

"Mama, ni mchezo tu!"

"Padiri, watoto wanacheka maiti mbele ya alitare, na weye unaangalia tu?"

Maskini padri akawasha tena haraka. Mbwa akajibandua chini, akajikung'uta, akamrudia kuku mbio. Wanawake wakakatisha yowe, wakaukodolea ukuta macho. Kisha Koko akaanza kucheka, akacheka mpaka akaniegemea, kilemba mkononi, machozi bado mashavuni.

Tuliporudi nyumbani, asubuhi nikachukua jembe niende shambani.

"Weka," Koko akasema. "Kukiwa matanga, jembe haligusi udongo."

"Lakini Koko, alifufuka!"

"Tulilia ao hatukulia?"

Basi tukakaa. Majirani walipoona majembe yetu yameegemea ukuta, wakajua kuna msiba, wakaja na nyuso za huzuni, na maharagwe yaliyopikwa, na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Mzee mmoja akavua kofia.

"Pole, Mama. Nani amekufa?"

"Imbwa."

"Imbwa ya nani?"

"Ya ukutani."

Mzee akawatazama wenzake. "Tutaizika wapi?"

"Haizikwi. Ilisimama, ikafukuza kuku."

Kaka zangu walikuwa wameshaziba midomo kwa viganja wasicheke. Mzee alirudisha kofia yake polepole kichwani. Koko akanywa kasiksi kidogo, akafuta mdomo, akaninyooshea kidole.

"Munafikiri nimezeeka akili? Muulize huyu mutoto. Yeye hasemake bongo."

Nikasimama katikati ya waombolezaji wote, nikaanza kusimulia.