Tumbo la Kinyozi

Kinyozi waliyembandika jina la Mzee Wembe alikuwa na ngiri, uvimbe wa ukubwa wa limau uliochungulia chini ya kitovu kila aliponyanyua kitu. Kuacha kubeba ndoo hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomkata maini ni mjukuu wake, aliyejifunza kutembea juzijuzi, na ambaye kila jioni alimnyooshea mikono abebwe. Daktari alikuwa amekataza.

Basi alipopangiwa upasuaji, alijiandaa kwelikweli. Sigara alizozivuta tangu ujana akazipiga teke. Asubuhi alitembea na mkewe hadi sokoni na kurudi. Alikula maharage na mayai bila kunung'unika, akafanya mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu kama alivyofundishwa, hadi wateja wakamuuliza kama siku hizi anauza maputo.

Siku yenyewe ilipofika, akaingia bafuni na wembe mpya.

Hospitalini nesi alifunua shuka, akaduwaa. Tumbo lilikuwa linang'aa.

"Mzee, nani kakunyoa?"

"Mwenyewe, mwanangu. Nimewapunguzia kazi."

"Si tulikuambia usiguse wembe? Ona, umejichanja. Vijidudu vinapita hapohapo!"

"Nilidhani mnawaambia wasiojua kunyoa."

Daktari aliutazama mchanjo, akaahirisha upasuaji mpaka ngozi ipone. Mkewe alicheka hadi akashika ukuta, kisha akakusanya nyembe zote za nyumbani akazitia mkobani mwake. Mzee Wembe hakucheka. Jioni mjukuu alinyoosha mikono, naye ikabidi atazame pembeni.

Waliporudi hospitali, nywele zilikuwa zimechipua. Nesi alichukua mashine akapunguza huku na kule, hapa kipara, pale kichaka. Tangu ashike mkasi, Mzee Wembe hakuwahi kuona kazi mbovu namna ile. Mdomo ulimwasha. Mkewe akamkazia jicho.

"Vipi, mzee?" nesi akauliza.

"Safi kabisa, mwanangu. Endelea."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ileile aliinuka akatembea taratibu, na kila alipotaka kukohoa alikumbatia mto tumboni. Wiki kadhaa zilipita kabla daktari hajamruhusu kubeba uzito.

Jioni ya siku aliyoruhusiwa, mjukuu aliponyoosha mikono, babu aliinama, akamwinua. Mtoto akapapasa kidevu kilichojaa ndevu, maana nyembe bado zilikuwa mkobani mwa bibi, akacheka kwa kutekenywa. Mzee Wembe alilia, wala hakujificha.