Pini ya Wifi Demetria

Wifi yangu Demetria hamwamini mtu. Akikuletea asali, utakuta kwenye dumu mstari wa kalamu, umechorwa pale pale asali ilipoishia.

"Wifi, mstari wa nini na asali umenipa mwenyewe?"

"Njiani kuna watu."

Njiani! Dumu lenyewe alikuwa amelipakata toka Ulyankulu mpaka mlangoni kwangu hapa Mtendeni, na nina hakika hata kusinzia hakusinzia.

Mimi siku zote nilisema ni matapeli wa simu waliomharibu. Kuna mtu alimpigia akajifanya wa mtandao, akamwomba pini, ile namba ya siri ya pesa za kwenye simu. Demetria akamtajia, tena taratibu, tarakimu moja moja, ili mtoto wa watu asikosee kuandika. Hela ya mbolea ikaenda na maji. Kaka yangu Prosperi, mumewe, alicheka mpaka akakosa chakula cha jioni. Tangu siku hiyo Demetria akipigiwa na namba asiyoijua anapokea kama askari wa zamu.

Alhamisi moja alikuja na CD moja kifuani. Jumamosi yeye na Prosperi walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na kanisani kwao walikuwa wameandaliwa misa ya jubilei. CD ilikuwa na video ya harusi yao. Kanda yenyewe ililiwa na mchwa zamani, ikabaki nakala hiyo moja. Ndani ya video, kwa sekunde chache, alikuwemo mama yake Demetria, ambaye alifariki mwaka uliofuata na hakuwahi kupigwa picha popote, maana alikuwa hataki. Demetria alitaka nitoe picha ya mama humo, tuichapishe, ikae mbele siku ya misa. Binti yao Ange hajawahi kuiona sura ya bibi yake.

Kompyuta yangu ni ya hizi nyembamba, haina pa kuweka CD. Nikaazima kwa Naushad, mwenye duka la steshenari mtaa wa pili, draivu ya nje: kisanduku unachokichomeka kwa waya, kinatoa trei, unaweka CD, trei inarudi ndani. Demetria akatoa CD yake. Yesu na Maria! Juu yake alikuwa amebandika karatasi, na juu ya karatasi selotepu matabaka matatu, kaandika kwa wino mwekundu: MALI YA DEMETRIA, ULYANKULU. ISIBADILISHWE.

"Wifi, hii itakwama."

"Bora ikwame kuliko ibadilishwe."

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimetoka shuleni kufundisha watoto tisini jua la saa nane, sikuwa na nguvu za kubishana. Nikaiweka. Ikazunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe cha kutolea. Wapi! Nikabonyeza tena, nikaichomoa waya, nikaichomeka, nikaitikisa. Nikaenda kuchukua kisu jikoni, na niliporudi nilimkuta Demetria amekaa sakafuni na kisanduku mapajani.

"Josepha, mama yangu yumo humu."

Huwa ananiita wifi. Nikarudisha kisu.

Simu yangu haikuwa na salio, kwa hiyo kwa simu yake nikamtumia Naushad ujumbe: CD imekwama, tusaidie. Nikamwambia Demetria, "Naushad atapiga, pokea," kisha nikaingia bafuni kujimwagia maji. Nimejaa povu kichwa kizima ndipo nikasikia simu inaita, na Demetria anaweka spika, kawaida yake, ili majirani wawe mashahidi.

"Shikamoo mama. Naushad hapa. Niko Puge, natumia laini nyingine, ile yangu huku haishiki."

"Matapeli wote wana majina. Nani kakupa namba yangu?"

"Si umenitumia ujumbe mama? Usiwe na wasiwasi, tunaitoa sasa hivi. Una pini hapo?"

Mimi huko bafuni povu lilisimama.

"Pini?"

"Pini yoyote mama. Unaiingiza taratibu, halafu unasukuma mpaka usikie imeachia."

"Imeachia nini?"

"Imeachia tu. Itatoka yote!"

"Itatoka yote!" Demetria alipiga ukelele wa kuezua bati. "Mwizi wewe! Ulikula mbolea hukushiba, leo umerudi na shikamoo! Mwenyewe nakusubiri, mshenzi mkubwa!"

"Wifi!" nikapiga kelele, povu likaniingia mdomoni. "Ni pini ya nguo!"

"Tulia wifi, nimeshamkamata!"

Naushad wa watu alipiga mara ya pili, akatukanwa. Ya tatu akafungiwa namba. Nilitoka na kanga moja, macho yananiwasha sabuni, na nilikuwa na hasira jamani, nisiwadanganye. Nikamwonyesha kitundu kidogo mbele ya trei. Nikamweleza kwamba Naushad alitaka pini ya chuma ipenye pale. Akakitazama kitundu. Akanitazama mimi.

"Sasa si angesema ni ya chuma."

Nikageuza nyumba nzima. Mwalimu mzima sina hata kibanio cha karatasi. Njiti ya kiberiti nene, sindano fupi. Mwisho macho yangu yakatua kifuani pa wifi. Ukoo wote unajua kuwa pochi yake ya kitambaa hukaa ndani ya blauzi, imefungwa kwa pini moja kubwa, na kwamba pini hiyo haijawahi kufunguliwa mbele ya binadamu.

"Wifi, pini unayo."

"Sina."

"Unayo. Hiyo hapo."

Akajikumbatia kwa mikono miwili. Akakitazama kisanduku.

"Funga mlango," akasema. "Funga na dirisha. Geuka."

Niligeuka kuitazama kalenda ya parokia. Nilipoambiwa nigeuke tena, pini ilikuwa kiganjani kwake na pochi alikuwa ameing'ata kwa meno. Shughuli nzima alikaa hivyo, na sikumbuki siku nyingine nyumba yangu ikiwa na Demetria na kimya kwa pamoja.

Nikainyoosha pini kwa koleo, nikaipenyeza, nikasukuma. Kak! Trei ikatoka upana wa ukucha ikagoma. Karatasi ilikuwa imejikunja juu. Nikapitisha rula ya plastiki, nikailaza, nikavuta kidogo kidogo huku wifi ananipumulia shingoni. Ikaja. Karatasi imebaki MALI YA DEME, lakini chini CD haikuwa na mkwaruzo.

"Niing'oe hii karatasi yote?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikaing'oa, nikafuta gundi kwa mafuta ya kupikia, nikairudisha CD ndani. Ikazunguka vizuri.

Akapita Prosperi ana nywele. Ikapita kwaya. Kisha kamera ikageukia benchi la wazazi, na pale akaonekana mama mwembamba, kitambaa kichwani, mkono mmoja ameushikilia kifuani, juu ya kitu kilichofichwa ndani ya gauni. Akaiona kamera. Akainuka, kidole mbele, sura yote imejaa kioo, akafoka kwa Kirundi, lugha ya kwao:

"Wewe! Nani amekuruhusu?"

Kiganja kikaziba kila kitu.

Mimi nilishikwa na kicheko, sikujizuia. Kumbe si matapeli waliomharibu, amezaliwa hivyo! Nikageuka nimtanie. Demetria alikuwa amesimama wima mbele ya kompyuta, pochi imemdondoka miguuni na wala hajaiangalia, machozi yanamtiririka.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyemruhusu."

Akaniomba nirudishe nyuma. Tulirudisha mara sita, na kila mama alipouliza, alijibiwa.