Chai ya Betri

Maji ya kisima ya Voi yana chumvi. Ukinywa chai yake unafikiri mpishi amekosea mkebe, na birika baada ya mwezi mmoja linavaa ganda jeupe ndani, utadhani limepakwa chokaa. Wenyeji wamezoea. Mimi nilishuka kutoka milimani, sikuzoea, na huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa pikipiki ya mjomba.

Mjomba ni mwalimu wangu wa hesabu, na nakaa kwake nipate kusoma. Mwaka jana alikuwa na pikipiki kuukuu ya rika langu, na chini ya kitanda aliweka chupa kubwa ya maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati la kanisa kule Wusi, milimani.

"Haya ni ya betri," aliniambia. "Usiyaguse."

Yaani pikipiki inywe maji matamu, sisi watu tunywe ya chumvi. Mimi napenda haki. Niliyapikia chai, wala si siku moja. Yalipokwisha niliijaza chupa maji ya kisimani nikairudisha mahali pake. Betri haina ulimi, nilijiambia.

Mwezi ukapita. Ijumaa moja alasiri mjomba alirudi kutoka shuleni mbio mbio kuiandaa pikipiki. Kesho yake asubuhi wazee wa mchumba wake walikuwa wakimngoja Wusi. Safari ya kwanza aliwakosa kwa sababu ya pancha, nao wakamtumia ujumbe: akikosa mara ya pili, asijisumbue na ya tatu.

Akaikanyaga pikipiki. Kimya. Akaikanyaga tena.

"Bonyeza honi."

Honi yetu hulia kama punda. Siku hiyo ilitoa sauti ya mbuzi aliyekabwa.

"Washa taa."

Taa ikawa nyekundu kama ncha ya sigara, ikafifia, ikazimika.

"Panya," akasema mjomba. "Wametafuna waya."

Nilimtafuta panya kwa bidii ambayo mjomba hajapata kuiona kwenye daftari langu la hesabu. Tulifuata waya kutoka kwenye taa mpaka chini ya kiti, na kweli tukapata mmoja umetafunwa. Nilimshukuru panya yule kutoka moyoni. Tukaufunga kwa plasta ya kidonda, tukajaribu. Wapi! Mjomba akafungua plagi, akailaza juu ya injini, akainama kutazama cheche huku mimi nakanyaga. Nilikanyaga mpaka kisigino kikawaka moto, lakini plagi haikuwaka. Ziko pikipiki zinazojitengenezea cheche bila msaada. Hii yetu ilitegemea betri kwa kila kitu.

Nikatumwa kumwita fundi, mzee wa kutoka magharibi anayetunza betri za taa za mabehewa pale stesheni. Ndiye aliyeichaji betri ya mjomba mwezi uliotangulia. Alikuja na kipimo chake cha kioo, akafyonza maji ya betri, akatazama kile kidude cha ndani ambacho hupaswa kuelea. Kilikuwa kimelala chini kabisa.

"Mwalimu, hapa hakuna kitu."

"Uliniambia imejaa."

"Ilijaa."

"Mwezi mmoja tu! Au uliianika juani ukaniambia umeichaji?"

Fundi akanyanyuka polepole. "Mwalimu, watu wanasoma gazeti kwa taa zangu kutoka hapa mpaka Mombasa. Leo nishindwe na kibetri cha ukubwa wa mkate?"

Hapo ningeweza kusema. Nikaona ni vizuri zaidi nitazame ukuta.

Fundi akachungulia tena ndani ya betri. "Mnaipa maji gani?"

"Ya mvua. Ya Wusi."

"Lete."

Mjomba akaileta chupa. Fundi akamimina kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, akakiweka juu ya jiko la makaa. Maji yakachemka, yakakauka, yakaacha duara jeupe. Kila mtu Voi analijua duara lile.

"Omera, ndugu yangu," fundi akamwambia mjomba, "siku hizi Wusi inanyesha chumvi?"

Mjomba akalitazama duara, kisha akanitazama mimi.

"Nilikunywa chai," nikasema.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakucheka. Alimwomba mzee radhi, akanishika sikio, akauliza kama betri itapona.

"Nitaiosha, nitaitia asidi mpya, nitaichaji. Siku tatu. Kesho sahau."

Uso wa mjomba ulivyoanguka, hata mimi nilimhurumia. Fundi akakuna kichwa, akaenda stesheni, akarudi na betri nne kavu za simu ya mezani ya stesheni, nene kama mikebe ya maziwa, zilizokuwa zimetupwa. Akaziunga mkia kwa kichwa, akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Tulipokanyaga, injini ikanguruma.

"Zina nguvu kidogo," akasema. "Usiwashe taa. Usipige honi."

"Kwenye kona zile za mlimani, bila honi?"

Fundi akaninyooshea kidole. "Honi si huyu?"

Ndivyo nilivyokwenda Wusi Jumamosi ile: betri nne mapajani, waya zimepita chini ya makalio ya mwalimu wangu wa hesabu, na kila kona napiga kelele "Piii! Piiii!" Mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi alitupisha huku akiuliza kama mtoto huyo anapelekwa kuombewa.

Tulifika wazee wanaketi. Mama mkwe mtarajiwa alileta chai, ya maji ya mvua, inayonukia, akaniwekea kikombe. Sauti yangu ilikuwa imekauka, nikanyoosha mkono.

"Huyu msimpe, mama," akasema mjomba, akakisogeza kikombe kwake. "Amekwisha kunywa yake."