Chembe Mbili za Bi Duara

Bi Duara hakupewa jina hilo kwa sababu ya umbo, ingawa umbo nalo lilichangia. Alipewa kwa kazi. Miaka kumi na moja alikaa ghorofa ya pili ya jengo la elimu ya nyota, kwenye chumba chenye pazia lililoshikizwa kwa pini za karatasi, akihesabu chembe za mwanga wa eksirei zilizonaswa na darubini inayozunguka huko juu. Ndugu zake walidhani anafanya kazi hospitali. Kila harusi hakukosekana mjomba wa kufungua vifungo vya shati ili aangaliwe kifua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Galaksi kubwa karibu zote zina shimo jeusi katikati, nono, linalomeza gesi. Na gesi ikikaribia kumezwa hupata joto la kutisha, ikatoa eksirei. Swali lililowalisha watu wa jengo lile ni kama galaksi kibete, vile vijigalaksi vyenye nyota za kuokoteza, navyo vina shimo lao. Huko eksirei haimwagiki, inadondoka. Darubini inakodoa macho saa nane, inaambulia chembe za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana kulikuwa na sheria moja, imebandikwa ukutani: chora duara kwanza katikati ya galaksi, ndipo ufungue picha ya eksirei na kuhesabu zilizoangukia ndani. Zikifika saba, una shimo. Zikiwa tano, una makombo ya angani, nenda nyumbani.

Mwaka wake wa kwanza, akiwa na mkataba wa miezi mitatu, alihesabu tano. Profesa alisimama nyuma ya kiti chake akichokoa meno.

"Na zile mbili hapo pembeni?"

"Ziko nje, Profesa."

"Nje ya nini? Galaksi yenyewe imekaa kama chai iliyomwagika. Katikati yake nani anapajua? Kisogeze kidogo hicho kiduara, mama, kisione aibu."

Alikisogeza. Upana wa unywele. Saba.

Unywele ule ukazaa. Ulizaa makala, makala ikazaa ufadhili, ufadhili ukazaa lifti mpya, na Profesa wa kawaida akawa Profesa wa kutandikiwa zulia. Kibaya zaidi, ulizaa tasnifu. Binti wa kaka yake Bi Duara, ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono akamleta jengoni, alikabidhiwa shimo lile kwa ajili ya udaktari wake. Miaka sita alilipima uzito, akalikadiria umri na ulafi. Mchumba alimkimbia, akidai hawezi kushindana na kitu chenye uzito wa majua laki mbili. Kila mwaka Bi Duara aliapa kumwambia, na kila mwaka mdomo ulimganda.

Wiki tatu kabla ya binti kutetea tasnifu, darubini ililiangalia shimo upya, saa ishirini nzima. Zilitarajiwa chembe kumi na saba. Jumanne asubuhi walikusanyika watatu chumbani. Bi Duara akachora duara, safari hii pale panapostahili, akafungua picha.

"Nne," akasema.

"Hesabu tena," binti akasema.

"Nne. Hata pasipo na kitu unapata nne."

Profesa akatoka kwenda kunywa maji, yeye ambaye maji hakuyapenda. Bi Duara akafunga mlango.

"Zile za kwanza zilikuwa tano. Nilisogeza duara."

Binti alimtazama kama mtu anayesomewa majibu ya mtu mwingine. "Tano lini?"

"Tangu mwanzo. Wakati huo hujaja hata kusoma hapa. Shimo halipo, mwanangu. Pengine halikuwapo."

"Miaka sita, shangazi."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unaniletea chakula hapa mezani, unaniuliza shimo linaendeleaje."

Bi Duara akatoa barua kwenye pochi. "Nimewaandikia wale wa jarida lililochapa makala. Nimesema ni mimi."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa. Profesa aliingia uso umenawiri.

"Limelala," akatangaza. "Mashimo hulala. Gesi ikiisha yanazima. Jamani, tumelikuta likizima mbele ya macho yetu. Hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza."

Na kweli, mashimo hulala. Ndicho kilichomtisha Bi Duara. Uongo ule ulikuwa na miguu ya kusimamia. Akamsukumia barua. Profesa aliisoma wima, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Tano, saba. Mama, unataka kubomoa jengo kwa chembe mbili?" Akamgeukia binti. "Tasnifu ni yako. Sema wewe."

Binti aliinamisha uso.

"Limelala," akaiambia meza.

Profesa alipokwenda zake, binti akaongeza, bila kuinua uso: "Ukiituma hiyo barua unanizika mimi, siyo yeye."

Barua ikarudi pochini.

Binti alitetea vizuri, wakampigia makofi. Wiki hiyohiyo alihamia ghorofa ya nne, na chakula cha shangazi kikawa kinarudi na mfuniko wake. Mwaka uliofuata aliomba saa arobaini za darubini ili kulivizia shimo likiamka, akapewa. Faili likashuka ghorofa ya pili, mezani kwa Bi Duara, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuhesabu. Alichora duara. Akafungua picha, akahesabu mara tatu, akapiga simu juu.

"Ngapi?" binti, sasa Dakta, akauliza.

"Saba. Ila kwa saa arobaini, saba ni takataka tupu. Ungepata nane hata ungeielekeza darubini ukutani."

Upande wa pili karatasi ikafunuliwa.

"Andika bado limelala," Dakta akasema, akakata.

Bi Duara akaandika.